Kuandaa jioni ya sayansi ya bahari katika makumbusho

Jioni ya namna hii hukosa maana pale wageni wanapotazama mabango na kusikiliza hotuba tu. Kwa hiyo ipangwe ili kila mmoja aondoke na kazi ya kwenda kuifanya baharini. Kazi moja yatosha. Mimi ningechagua kupima ung'avu wa maji kwa kisahani cha Secchi, kifaa cha bei nafuu kinachoshushwa majini hadi kipotee machoni, ambacho padri Angelo Secchi alikijaribu katika Bahari ya Mediterania mwaka 1865.

Anza na kitu kilichomo makumbushoni. Fort Jesus ya Mombasa, kwa mfano, huhifadhi vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi kutoka Santo António de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama karibu na ngome hiyo mwaka 1697. Kutoka hapo ni rahisi kuwauliza wageni mzamiaji huona umbali gani chini ya maji, na ni nini kinachoyatia ukungu.

Sehemu ya jibu waione kwa hadubini. Magharibi, kiza kinapoanza kuingia, wanyama wengi wadogo wa planktoni, yaani viumbe wanaoelea na kuchukuliwa na maji na ambao huyatia ukungu, hupanda kutoka vilindini kuja kula mimea midogo inayoelea juu, hivyo kokota wavu wenye matundu madogo sana kutoka gatini na uwaonyeshe wageni kilichonaswa.

Kisha watengeneze visahani: duara jeupe la plastiki ngumu lenye kipenyo cha sentimita 30, uzito chini yake, na kamba iliyotiwa alama kila nusu mita. Urefu wa kamba ya nailoni huweza kubadilika ikilowa, kwa hiyo ipimwe ikiwa imelowa.

Kupima kwenyewe hufanyika mchana, kati ya saa nne na saa nane, jua likiwa juu. Kisahani kishushwe upande wa kivuli wa chombo, bila miwani ya jua, hadi kipotee machoni. Kina hicho kiandikwe pamoja na mahali, tarehe, saa, na kama maji yanajaa au yanakupwa. Kipimo cha siku ya tope nacho kiandikwe, na sababu yake itajwe. Tangu mwaka 2013 mabaharia wa nchi mbalimbali wamekuwa wakituma vipimo vya aina hii kupitia programu ya simu.

Kisahani kikigusa mchanga kabla ya kupotea, kipimo hakifai; ni lazima kwenda kwa chombo hadi penye kina cha kutosha, na ndiyo maana manahodha na wavuvi wanapaswa kualikwa jioni hiyohiyo, ili kila kundi la wageni lipate chombo na siku ya kutoka kabla halijaenda nyumbani.