Kumdhamini mwanachama mpya wa loji ya Freemason: kazi inaanza kabla ya fomu

Ndugu wa loji, yaani wanachama wenzangu wa tawi letu la Freemason, wanaponifuata kuniuliza habari za udhamini, mara nyingi huja na fomu iliyokwisha kujazwa nusu. "Nimepata mtu mzuri, naomba uniunge mkono." Jibu langu siku zote ni kwamba fomu hiyo irudi kabatini kwanza. Mtu unayetaka kumdhamini unatakiwa kumjua nyumbani kwake na kazini kwake, na unatakiwa kujua anavyomsemesha mlinzi wa geti siku aliyochelewa. Jina lako litasomwa pamoja na lake mbele ya ndugu wote, na wengi watampigia kura kwa sababu wanakuamini wewe, kwa kuwa yeye hawamjui.

Ninachoeleza hapa ni taratibu za loji zetu zilizo chini ya Grand Lodge ya Uingereza, yaani chombo kikuu kinachozisimamia, ambayo historia yake inaanzia London, Juni 24, 1717, na muungano wa Grand Lodge mbili ulioizaa hii ya sasa ni wa mwaka 1813. Wilaya yetu ya Afrika Mashariki inajumuisha Tanzania, Kenya, Uganda na Shelisheli. Ndugu walio chini ya Grand Lodge za Scotland au Ireland wana kanuni zao, basi wafuate za kwao. Tena, loji zetu ni za wanaume. Dada akikuuliza, mwambie ukweli kwamba wapo Freemason wanawake wenye Grand Lodge zao huko Uingereza, usimfanye aone ameuliza jambo la ajabu.

Mazungumzo ya kwanza

Kwetu huku huwezi kuanza bila kushughulikia uvumi. Nenda Kariakoo au Mbagala, tazama nguzo za umeme: "Jiunge na Freemason upate utajiri, piga namba hii." Kijana anapiga, anaambiwa atume ada ya kujiunga kwa simu, anatuma, kisha anaambiwa kuna ada ya cheti, ya pete, ya mzigo uliokwama bandarini. Waliolizwa hivyo ni watu wazima wenye akili zao. Kwa hiyo mtu akikujia kwa hamu kubwa, muulize amesikia wapi na kama ameshamtumia mtu pesa. Mweleze wazi kwamba hakuna loji halali inayosajili watu kwa ujumbe wa simu, na hakuna senti inayolipwa kabla jina halijapita. Kama ameshalizwa, msindikize polisi. Huo ni msaada hata kama hatajiunga kamwe.

Kisha muulize kwa nini anataka. Uliza halafu nyamaza. Mtu anayetafuta utajiri, tenda, uhamisho au cheo hatakaa dakika kumi bila kulitaja. Anaweza kulizungukia: "Nasikia mnasaidiana sana." Mjibu bila kupepesa: tunasaidiana katika shida, lakini loji si mfuko wa mikopo wala njia ya kupata kazi, na kabla ya kuingia atatamka kwa kinywa chake kwamba hakuvutwa na tamaa ya faida. Akipoa hapo, umepata jibu.

Anayefaa ni mtu mzima aliyefikisha umri unaotakiwa na kanuni, anayemwamini Mwenyezi Mungu, mwenye sifa njema kwa majirani, asiye na hukumu ya jinai, na mwenye kipato kinachomtosha yeye na wanaomtegemea. Mimi naongeza sifa moja ambayo haimo kwenye fomu: awe mtu anayeweza kukaa meza moja na asiyefanana naye bila kutaka kumbadilisha. Kwenye loji zetu Mwislamu, Mhindu na Mkristo wanakaa bega kwa bega, kila mmoja akiapa kwa kitabu chake. Mabishano ya dini na siasa hayaruhusiwi. Mtu ambaye kila kikao cha harusi lazima akigeuze mkutano wa kampeni atateseka kwetu, nasi tutateseka naye.

Hapo hapo mweleze suala la dini yake, maana ni haki yake kulijua kabla hajaamua. Loji haimkatazi dini yoyote, lakini dini nyingine zinaikataa loji. Kama ni Mkatoliki, ajue kwamba tamko la Vatikani la Novemba 26, 1983 linasema muumini aliyejiunga yuko katika dhambi kubwa na hawezi kupokea Komunyo, na Roma ilirudia msimamo huo Novemba 2023. Kama ni Mwislamu, ajue kwamba baraza la fiqhi la Makka lilitoa uamuzi mkali dhidi ya Freemason mwaka 1978. Wapo Wakatoliki na Waislamu waliojiunga wakijua hayo, na dhamiri ni zao. Mdhamini anayeficha jambo hili kwa kuogopa kumpoteza mtu wake amemkosea sana, kwa sababu siku moja atalisikia kwa paroko au kwa shemeji yake, na atajiuliza ni mangapi mengine aliyofichwa.

Nenda nyumbani kwake

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na ndilo linalorukwa. Usimdhamini mwenye ndoa kabla hujakaa na mke wake. Omba kukaribishwa siku ya mapumziko, nenda na mkeo kama unaye, na nenda na muda.

Nakumbuka nyumba moja ya Tabata. Mama mwenye nyumba alitupa chai, akakaa kimya muda mrefu, watoto wakipita na baiskeli uani. Halafu akaweka kikombe chini akaniuliza: "Baba, niambie ukweli. Watanitaka mtoto?" Nilimshukuru kwa kuuliza. Nilimwambia hapana, hakuna kafara, hakuna damu, hakuna nyoka, na mimi nina watoto na wajukuu anaoweza kuwatembelea. Nilimweleza mumewe atakwenda wapi, jioni ipi, atarudi saa ngapi, na ni nani atakayemrudisha. Nilimwambia pia yale ambayo mumewe hatamsimulia: namna tunavyotambuana na baadhi ya maneno ya hafla, yaani ibada zetu za kumpokea mtu na kumpandisha daraja, basi. Mengine yote yuko huru kumwambia. Mke wangu akamwambia la kwake, ambalo nadhani lilisaidia zaidi: kwamba kwa miaka yote hiyo kinachomkera ni mimi kuimba mistari ya kukariri bafuni.

Mama akisema hapana, ni hapana. Usimtafutie mumewe njia ya kujiunga kwa siri. Jambo linaloanza kwa kumficha mke haliwezi kuwa zuri.

Zungumzeni fedha siku hiyo hiyo, mke akiwepo. Mwombe mweka hazina akuandikie kwenye karatasi ada ya kuingia, ada ya mwaka, na gharama ya chakula cha kila kikao. Ongeza suti nyeusi, glovu nyeupe, na baadaye aproni yake mwenyewe, ile tunayovaa kiunoni kwenye loji. Michango ya hisani kila mtu hutoa kwa uwezo wake. Pesa hizo zote zitoke kwenye ziada, baada ya kodi ya nyumba na karo. Mtu akikuambia atakopa, mwambie asubiri mwaka ujao, loji haiendi popote.

Fomu, kamati na kura

Sasa toa fomu kabatini. Inahitaji wawili: anayependekeza na anayeunga mkono. Wote wawili wawe wanamjua kweli. Kusaini kwa sababu rafiki yako kakuomba ni kusema uongo kwa maandishi. Majibu ajaze mwenyewe kwa mkono wake, hasa swali la kesi za nyuma. Kama kuna jambo, mpeleke kwa katibu alieleze kabla halijagunduliwa.

Kamati itamwita kwa mahojiano. Mwandalie utulivu, usimwandalie majibu. Mwambie tu avae kwa heshima, afike mapema, na akiulizwa asichokijua aseme hajui.

Baada ya hapo jina linatangazwa, na hapa mdhamini awe macho. Pita kwa ndugu mmoja mmoja, hasa wale wasiosema sana, uwaulize kama wana neno. Ndugu mwenye shaka akikuita pembeni, msikilize bila kununa. Jina linaweza kuondolewa kimya kimya kabla ya kura, na mtu wako asipate aibu. Siku ya kura yenyewe, gololi nyeupe na nyeusi zinatumbukizwa kwenye kisanduku kwa siri. Kwa kanuni za Uingereza nyeusi tatu zinamzuia mtu, lakini sheria ndogo za loji zinaweza kusema hata moja au mbili zinatosha. Uliza za kwenu mapema. Akikataliwa, mwendee uso kwa uso siku ile ile, usimpigie simu, na usianze kumsaka aliyeweka nyeusi.

Siku yenyewe

Mfuate kwake na gari, au mkutane sehemu muongozane. Kwetu Dar, asiachwe asimame peke yake nje ya jengo la Sokoine Drive huku wapita njia wakimkodolea macho. Njiani usimtishe kwa mizaha ya mbuzi na majeneza. Kuna ndugu wanaipenda mizaha hiyo, na mimi naichukia, kwa sababu kwenye mji wenye uvumi kama wetu mtu anaweza kuiamini.

Mwambie anayohitaji tu. Asinywe pombe siku hiyo. Kuna muda atafungwa kitambaa machoni, na wewe utakuwa ndani ya chumba kile kile. Nguo zake zitapangwa kwa namna ya pekee, kwa hiyo avae za ndani nadhifu. Ataacha nje pesa na kila kitu cha madini: saa, sarafu, funguo, pete. Pete ya ndoa isiyotoka kidoleni, sema mapema kwa anayeandaa hafla. Vilevile goti bovu, presha, au kisukari, kwa sababu kuna kupiga magoti na kusimama. Uliza ataapia kitabu gani na hakikisha kipo mezani, kizima na safi. Mwislamu akiletewa Biblia kwa sababu hakuna aliyekumbuka Msahafu, mdhamini ndiye aliyelala.

Mengine usimsimulie. Hafla ya kwanza inamgusa mtu mara moja tu maishani, na hasa sehemu ile ya hisani, usimharibie.

Baadaye tunakula. Mgeni wa heshima jioni hiyo ni yeye, anakaa karibu na mkuu wa loji. Jikoni wapewe taarifa siku kadhaa kabla: nani hali nyama, nani anataka halali, nani hanywi. Watamnyanyulia glasi na atatakiwa kujibu. Watu wanaoendesha ofisi nzima nimewaona wakikwama hapo, hivyo mpe sentensi tatu: nawashukuru mlionipokea, namshukuru aliyenileta, nitajitahidi kujifunza. Akae. Kisha mrudishe kwake saa uliyomwahidi mkewe.

Miezi inayofuata

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu amepigiwa makofi jioni moja, halafu simu inanyamaza mpaka kikao kijacho. Mpigie kesho yake. Muulize amelielewa lipi na lipi limemchanganya, na kama hujui jibu mtafutieni pamoja mzee anayejua.

Kabla ya daraja la pili, yaani ngazi inayofuata ya uanachama, atajibu maswali kwa kichwa, mbele ya wote, na kati ya daraja moja na lingine lazima zipite wiki nne au zaidi. Hafla zetu ni za Kiingereza cha zamani, chenye sentensi ndefu zinazopinda. Kwa aliyekulia na Kiswahili ni kazi. Nilivyozoea ni hivi: kwanza namweleza swali zima kwa Kiswahili mpaka alione, ndipo tunachukua Kiingereza chake kipande kwa kipande. Foleni ya Barabara ya Morogoro inatosha kwa majibu mawili, mkipanda gari moja. Akikosea mbele ya loji, kuna ndugu atakayemsogezea neno. Mwambie hilo kabla, maana hofu ndiyo inayofuta kumbukumbu.

Mtembeze. Mpeleke loji nyingine, aone ndugu wengine wanavyofanya. Mpe kazi ndogo siku ya kutembelea watoto yatima au ya kuchangia damu, abebe maboksi kama kila mtu. Na mwambie mapema kwamba halazimiki kujitangaza wala kujificha. Marehemu Sir Andy Chande, aliyezaliwa Mombasa 1928 na kufariki 2017, aliiongoza wilaya yetu na alizungumza na waandishi wa habari bila kificho. Lakini kumtaja ndugu mwingine aliye hai bila ruhusa yake ni mwiko.

Akikosa vikao viwili mfululizo bila taarifa, nenda. Mara nyingine ni safari, mara nyingine amepoteza kazi na anaona aibu kuja bila ada. Kama ni hivyo, zungumza na ndugu anayeshughulikia wenye shida, kwa siri, na usilipeleke jina lake mezani. Akiamua kuacha kwa sababu zake, msaidie aandike barua, amalizane na mweka hazina, na apewe cheti cha kutodaiwa. Akikitunza vizuri, kitamfaa siku atakayotaka kujiunga tena, iwe kwenu au loji nyingine.