Kuchota maji ya kunywa kwenye chemchem ya barabarani Kigoma: panda juu kwanza uangalie, dumu baadaye

Wanaopanda barabara ya Mwandiga kwenda Kalinzi mpaka Manyovu wanazijua zile chemchem za pembeni, bomba limechomekwa kwenye ukuta wa mawe au simenti, maji yanatiririka usiku na mchana, bure kabisa, baridi kama yametolewa kwenye friji. Dereva wa lori anasimama, bodaboda anasimama, kina mama wa kijijini wapo na madumu yao, na siku mabomba ya mjini yakikauka unaona mpaka watu na magari yao wanajaza buti nzima. Swali la kila mtu ni moja, haya maji yananyweka hivi hivi? Mi nasema hivi, maji yanayotoka ardhini kwenye chemchem nzuri mara nyingi yako salama kuliko ya mtoni au ya ziwani, ila yanaharibiwa sehemu mbili, huko juu kabla hayajafika kwenye bomba, na kwenye dumu lako baada ya kutoka kwenye bomba. Hapo kwenye bomba penyewe ndo watu wanapopaangalia sana wakati shida mara nyingi haipo hapo.

Kwa hiyo ukifika mahali kwa mara ya kwanza usikimbilie kukinga. Zunguka nyuma ya ule ukuta, panda kilima kidogo, fuata maji yanatokea wapi. Kuna mtego mmoja wa barabarani huo, sio kila bomba linalotoa maji ni chemchem. Mengine ni maji ya kijito au ya mtaro yamekingwa huko juu na bomba likashushwa mpaka barabarani, mengine ni kalavati tu inayotoa maji ya barabara, na kwa macho yote yanaonekana meupe hasa kiangazi. Kama unafuata bomba unakuta linaingia kwenye dimbwi la wazi lenye majani na nyayo za ng'ombe, hayo ni maji ya mto, yachukulie kama ya mto, usiyaite chemchem. Chemchem iliyojengewa vizuri jicho lake (pale maji yanapotokea ardhini) limefunikwa, kuna zege au udongo wa mfinyanzi umeshindiliwa juu, kuna mtaro umechimbwa upande wa juu wa kukinga maji ya mvua yasiingie, na kuna fensi hata kama ni ya miti tu, mbuzi asipite.

Ukiwa huko juu huko angalia choo kiko wapi. Watu wa afya wanataka choo cha shimo kikae mbali na chanzo cha maji angalau mita 30, na kisiwe upande wa juu, na mi naongezea kwa milima yetu hii hata mita 30 sio kinga ya uhakika kama choo kiko juu moja kwa moja na udongo una mawe yenye nyufa. Angalia na mashamba. Huku Kalinzi na Matyazo ni kahawa na migomba mpaka mabondeni, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, lakini ukipita mwenyewe unaona watu wanalima mpaka mlangoni. Mbolea na dawa za kupulizia mazao ni ishu nyingine kabisa kwa sababu moto hauziondoi, ukichemsha maji yenye naitreti ya mbolea unazidi kuyakoleza maana maji yanapungua, naitreti inabaki. Mtu mzima anaweza asione kitu, ila mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo hayo maji yanaweza kumdhuru vibaya, kwa hiyo kama juu ya chemchem ni shamba linalopigwa mbolea na dawa, kwa mtoto wa umri huo tafuta maji mengine.

Kipimo cha bure kuliko vyote ni mvua. Chemchem ya ukweli haijui kama jana ilinyesha, maji yake yanabaki yale yale. Ukiona mvua imepiga na masaa machache baadae maji yamebadilika rangi, yamekuwa na vumbi vumbi au yameongezeka ghafla, basi maji ya juu ya ardhi yanaingia humo, na yakiingia yanaingia na vyote vilivyokuwa juu ya ardhi, unajua mwenyewe ni vitu gani. Ndo maana masika, kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi mpaka wa nne, mi ningekuwa mkali zaidi kuliko kiangazi. Rangi ya kutu inayotokea baada ya maji kukaa kwenye ndoo ni jambo tofauti, hiyo mara nyingi ni chuma cha ardhini, inaharibu ladha na nguo nyeupe lakini sio inayoleta kuhara.

Haya sasa dumu. Kigoma ni nchi ya mawese na nusu ya madumu yanayozunguka huku yalishawahi kubeba mawese, hakuna ubaya, ila lisafishwe. Ukilitazama kwa ndani dhidi ya jua utaona mstari wa rangi ya chungwa umezunguka pale mabegani karibu na mshikio, hapo ndo mafuta yanajificha kwa sababu hapafikiwi na mkono wala brashi. Weka maji ya moto (sio yanayochemka, dumu litajikunja), sabuni ya unga, na mchanga mnene au kokoto ndogo viganja viwili vitatu, funga, tikisa kwelikweli ukiligeuza kichwa chini, mwaga, rudia mpaka kidole chako ukikipitisha ndani ya mdomo wa dumu hakitelezi. Sababu sio ladha tu, dawa ya klorini ikikuta mafuta na uchafu inaishia kupambana na huo uchafu, vijidudu vinabaki. Ule utelezi wa kijani unaoota ndani ya madumu ya zamani nao utoe kwa mchanga huo huo. Dumu la dizeli, la dawa ya kuulia magugu, la asidi ya betri, hilo usioshe, usilipe nafasi kabisa, plastiki inanyonya na harufu ikiisha haina maana kemikali imeisha.

Na kifuniko jamani. Watu wana dumu zuri limeoshwa linang'aa, afu kizibo ni gunzi la mahindi au mfuko wa nailoni uliosokotwa (ndio, bado ipo mitaani pamoja na katazo la 2019). Gunzi linanyonya maji, halikauki, kila siku linaingia na kutoka na vidole vya watu. Fundi wa soko anauza vifuniko pekee yake, nunua. Kwa wanaobeba ndoo ya wazi kichwani najua kuna lile jani la mgomba linaloelea juu ili maji yasiruke, kwa maji ya kuoshea vyombo sawa, kwa ya kunywa tumia ndoo yenye mfuniko.

Ukifika kwenye foleni, salimia. Sio mapambo, huku ukifika kimya unachomeka dumu utaambiwa maneno. Mwakeye (salamu ya Kiha) kwa wote, shikamoo kwa wakubwa, afu uliza, "samahani mama, wa mwisho ni nani?" na ulipange dumu lako nyuma ya hilo. Madumu yanapanga foleni yenyewe na mwenyewe unaweza kukaa kivulini, huo ni utaratibu unaoheshimika, ila zamu yako ikifika haupo usilalamike. Ukiwa wa mjini umekuja na madumu kumi kwenye gari usitegemee kujaza yote kwa mkupuo mmoja, jaza mawili, pisha wenye moja moja, rudi nyuma, maana wewe siku ya bomba lako kurudi hautakuja tena na wao hapo ndo kwao. Mama mjamzito na mzee wanapishwa bila kuomba. Kiangazi kikali mwezi wa nane na wa tisa piga hesabu kabla ya kuganda, tazama dumu moja la lita 20 linajaa kwa muda gani, kama ni dakika nne na mbele yako kuna madumu 15 hiyo ni saa nzima, amua.

Gari lisisimame kwenye kona. Barabara ile ina malori yanayoenda na kutoka mpakani, yanashuka yakiwa mazito, na watoto wanavuka na ndoo kichwani hawaoni pembeni. Paki mbele ya kona mahali panapoonekana, weka gia na jiwe kwenye tairi.

Kukinga kwenyewe hakuna maajabu. Nawa mikono, nawia pembeni chini ya maji yanakoelekea, sio pale bombani. Suuza dumu kwa maji ya chemchem yenyewe, kidogo tu, tikisa, mwaga upande wa chini. Usishike mdomo wa bomba, usinywe kwa kuweka mdomo hapo (watoto wanapenda), na usichomeke mpira wako uliokuwa unaburuzwa kwenye buti. Mdomo wa dumu usikandamizwe kwenye bomba, acha maji yadondoke katikati. Jaza, funga hapo hapo kabla hujalisogeza. Kufua, kuosha pikipiki na kuoga ni huko chini mbali, na kama kuna dimbwi limetuama mbele ya bomba watu wanakanyaga tope, chukua jembe uchimbe kamfereji maji yaondoke, hapo hauhitaji kibali cha mtu.

Ukifika nyumbani ndo kazi ya kuyatibu, na mi naona yatibiwe hata kama chemchem inaonekana safi, hasa kama hujui maji yalipimwa lini. Kama yana vumbi yaache yatulie, chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utibu. Kuchemsha watu wanapoteza mkaa mwingi bure, maji yanaunguruma robo saa nzima. Yakishachemka kwa mapovu makubwa dakika moja inatosha, dakika tatu ni kwa sehemu za juu zaidi ya mita 2,000 na vijiji vyetu hivi vya Kigoma haviko huko. Epua, acha yapoe ndani ya sufuria ile ile ikiwa imefunikwa.

Kama unatumia vidonge vya klorini vya duka la dawa, vile vya kawaida kidonge kimoja ni cha lita 20, yaani dumu moja, lakini soma pakiti kwa sababu vipo vya ukubwa tofauti. Subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Ukifungua ukanusa kwa mbali harufu ya dawa, imefanya kazi na bado kuna akiba ya kulinda maji. Wale wanaosema harufu inawashinda wayamimine kwenye jagi yakae wazi kidogo kabla ya kunywa, itapungua. Na kama hauna mkaa wala kidonge ila jua lipo, chupa za plastiki za maji zisizozidi lita mbili, nyeupe zinazoonyesha ndani, zisizo na mikwaruzo, toa lebo, jaza maji yasiyo na vumbi, laza juu ya bati masaa sita jua likiwaka, au siku mbili kama kuna mawingu mengi. Masika usitegemee hiyo.

Baada ya hapo maji yanaharibiwa na kikombe. Mtoto anatoka kucheza, anafunua ndoo, anazamisha kikombe na vidole vinne, kazi yote ya mlimani imeisha hapo. Weka kwenye ndoo ya koki, au mimina kutoka kwenye dumu moja kwa moja, au angalau kata yenye mpini mrefu inayoning'inizwa na hakuna kingine kinachoingia humo. Yakikaa siku nyingi chombo kikifunguliwa kila mara, tibu upya.

Kijiji kikitaka kujua kwa uhakika, pelekeni ombi kupitia serikali ya kijiji kwa RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani maji yapimwe. Kinachotafutwa kwanza ni vijidudu vya kinyesi vinaitwa E. coli, na maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata kimoja ndani ya mililita 100. Msichote wenyewe na chupa ya soda mkapeleka, sampuli inachukuliwa kwa chupa maalumu isiyo na vijidudu, inawekwa kwenye baridi na kufikishwa maabara ndani ya masaa machache, ikichelewa majibu yanadanganya. Ombeni ipimwe masika, mvua ikiwa imenyesha, sio mwezi wa saba kila kitu kikiwa kikavu. Na mpimaji akija mpandisheni kule juu aone choo na shamba kabla hajafungua chupa.

Ila msisubiri majibu kama kuna watu wawili watatu wanaotumia chemchem moja wameanza kuhara maji maji kama maji ya mchele, hiyo inaweza kuwa kipindupindu. Hapo ni zahanati mara moja, mgonjwa anywe njiani ORS (ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini) iliyokorogwa na maji yaliyotibiwa, na maji ya chemchem hiyo yatibiwe kila dumu mpaka watu wa afya waseme. Mwaka 2015 Kagunga, pale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakimbizi wa Burundi walipojaa ghafla wakati vyoo na maji safi havitoshi, kipindupindu kiliua watu ndani ya wiki chache.