Gitaa kwa anayeanza: nadharia unayoishika kwa vidole

Nadharia ya muziki huwatisha wanaoanza gitaa kwa sababu mara nyingi hufundishwa mbali na gitaa lenyewe, kwenye karatasi yenye mistari mitano. Ilhali shingo ya gitaa imeshapimwa kwa nadharia hiyohiyo. Jambo la kwanza kulishika ni hili: kutoka freti moja (nafasi kati ya vyuma vinavyokatiza shingo) hadi inayofuata ni nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa ya sauti. Ukilielewa hilo, skeli (noti zilizopangwa kama ngazi), kordi (noti kadhaa zinazolia pamoja) na hata matumizi ya kapo (kibano kinachofungwa shingoni) yanabaki kuwa kazi ya kuhesabu freti. Soma huku gitaa likiwa mkononi, na kila unachosoma kijaribu hapohapo.

Kutyuni

Nyuzi huhesabiwa kuanzia mwembamba. Uzi wa 1 ni ule ulio karibu na sakafu ukiwa umepakata gitaa, na wa 6 ni ule mnene ulio karibu na uso wako. Kuanzia wa 6 kwenda wa 1, noti zake ni E, A, D, G, B, E. Programu ya kutyuni, yaani kukaza nyuzi hadi zitoe noti zake, kwenye simu inatosha kabisa, lakini jifunze pia kutyuni kwa sikio. Uzi wa 6 ukishakuwa sawa, ubane freti ya 5: hiyo ni A, na uzi wa 5 ukiwa wazi unapaswa kulia hivyohivyo. Endelea na freti ya 5 ya kila uzi ili kupata noti ya uzi unaofuata, isipokuwa sehemu moja: uzi wa 3 ubanwe freti ya 4 ili upate B ya uzi wa 2. Wengi husahau hapo, wakakaza uzi wa 2 kupita kiasi, na kuanzia hapo kila kordi inasikika vibaya.

Unapotyuni, malizia kwa kukaza, usimalizie kwa kulegeza. Ukipita noti, legeza hadi uwe chini yake kisha panda taratibu. Vigingi vya kukazia nyuzi huwa na nafasi ndogo kwenye meno yake. Ukimalizia kwa kulegeza, uzi utaivuta nafasi hiyo wakati unapiga na noti itashuka. Nyuzi mpya hushuka hata ukifanya kila kitu sawasawa, kwa kuwa bado zinanyooka. Zivute kidogo kwa mkono, tyuni tena, rudia mpaka zitulie.

Onyo moja kuhusu nyuzi: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki lililotengenezewa nailoni. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu kubwa zaidi, na daraja (kibao kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) linaweza kung'oka au ubao wa mbele ukapinda.

Mkono unaobana

Vidole vinapewa namba: shahada ni 1, cha kati 2, cha pete 3, kidogo 4. Kata kucha za mkono huo ziwe fupi kabisa, la sivyo ncha ya kidole haitaufikia ubao. Gumba likae nyuma ya shingo, takriban mkabala na kidole cha kati, bila kubana kama koleo.

Bana uzi nyuma tu ya chuma cha freti, yaani upande wa kichwa cha gitaa, karibu na chuma lakini si juu yake. Ukibana katikati ya nafasi au mbali zaidi, unahitaji nguvu zaidi na bado uzi unakwaruza. Ukikanyaga chuma chenyewe, noti inazimika.

Kuna zoezi moja linalofaa kila anayeanza. Weka kidole cha 1 kwenye uzi wa 3, freti ya 5, bila kubana, kiguse tu. Donoa uzi mfululizo kwa mkono mwingine: utasikia mlio uliozimwa. Ongeza nguvu kidogokidogo. Mlio utageuka kuwa mkwaruzo, kisha ghafla noti itatoka safi. Simama hapo. Nguvu hiyo ndiyo yote unayohitaji, na karibu kila mtu hushangaa kuona ni ndogo kiasi gani. Anayebana kupita hapo huchoka mapema, na pia huuvuta uzi noti ikapanda kidogo. Ndiyo maana gitaa lililotyuniwa vizuri linaweza kusikika limepotoka mikononi mwa anayeanza.

Kordi ikikataa kutoka, usiibane yote kwa nguvu zaidi. Donoa uzi mmoja mmoja utafute wenye tatizo. Uzi unaokwaruza kwa kawaida una kidole kilicho mbali na chuma au kilicholegea. Uzi ulio bubu umeguswa na kidole cha jirani kilicholala: kisimamishe kwenye ncha, sogeza kiwiko mbele kidogo, na angalia kiganja kisigusane na upande wa chini wa shingo. Kama kila freti ni ngumu hata kwa zoezi la hapo juu, huenda kosa ni la gitaa. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma, pima nafasi kati ya uzi wa 6 na chuma cha freti ya 12. Ikizidi milimita 3, mpelekee fundi azishushe nyuzi kabla hujakata tamaa na vidole vyako.

Ncha za vidole zitauma majuma ya mwanzo mpaka ngozi ikomae. Dakika 15 au 20 kila siku huikomaza vizuri kuliko saa mbili za Jumamosi. Maumivu ya kifundo cha mkono au ya kano ni jambo jingine: hayo ni dalili ya kubana kupita kiasi au kukunja mkono vibaya, na hapo inabidi usimame.

Skeli kwenye uzi mmoja

Muziki unaopigwa kwa gitaa una noti 12 kabla ya kurudi ulikoanzia: A, A#, B, C, C#, D, D#, E, F, F#, G, G#. Alama # husomwa shapu, yaani nusu toni juu ya herufi yake. Kati ya B na C, na kati ya E na F, hakuna noti nyingine. Ni jirani wa freti moja. Kwingine kote herufi zimeachana kwa freti mbili. Ukifika freti ya 12 umerudi kwenye noti ya uzi wazi, oktava moja juu, kwa sababu hapo sehemu ya uzi inayotikisika ni nusu ya urefu wote.

Sasa chukua uzi wa 3, ambao ni G. Piga wazi, kisha freti 2, 4, 5, 7, 9, 11, 12. Unasikia do re mi fa so la ti do. Tazama hatua zenyewe: mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja. Huo ndio mpangilio wa skeli ya meja, na haubadiliki, uanzie noti yoyote. Noti ulizopiga ni G, A, B, C, D, E, F#, G. Ile F imekuwa F# kwa sababu kutoka E mpangilio unadai freti mbili, na F iko freti moja tu mbele. Alama za shapu zinazoandikwa mwanzoni mwa wimbo hutokana na hesabu hii hii. Jaribu uzi wa 5 kwa freti zilezile, utapata skeli ya A yenye shapu tatu: C#, F# na G#.

Kordi zinatoka humo humo

Chukua noti ya kwanza ya skeli, ruka moja, chukua ya tatu, ruka moja, chukua ya tano. Kwenye skeli ya G hizo ni G, B na D, na hiyo ndiyo kordi ya G. Unapoipiga kwa nyuzi zote sita unapiga noti tatu tu zilizorudiwa: G mara tatu, B mara mbili, D mara moja.

Ukianza na noti ya nne ya skeli unapata C, E, G: kordi ya C. Ukianza na ya tano: D, F#, A, kordi ya D. Ya sita inatoa E, G, B, nayo ni E maina (Em). Kordi hizi nne, G, C, D na Em, zinabeba nyimbo nyingi mno, na mpangilio wa kwanza, wa nne na wa tano unafanya kazi kwenye kii yoyote, yaani skeli yoyote ambayo wimbo umejengwa juu yake. Kwenye kii ya A ni A, D, E. Ningemshauri anayeanza aanze na G au A, aiache kii ya C kwanza, maana kordi yake ya nne ni F, ambayo ni ngumu kwa vidole vichanga.

Tofauti ya meja na maina isikilize hivi. Piga Em: kidole cha 2 uzi wa 5 freti ya 2, kidole cha 3 uzi wa 4 freti ya 2, nyuzi nyingine wazi. Sasa ongeza kidole cha 1 kwenye uzi wa 3 freti ya 1. Umepata E meja. Kilichobadilika ni G kuwa G#, nusu toni moja tu, na hali nzima ya kordi imegeuka. Kutoka E hadi G ni freti tatu: maina. Hadi G# ni freti nne: meja. Inua kidole, kirudishe, inua tena, mpaka sikio litambue bila kuangalia.

Noti za kordi pia zinakueleza uzi upi usiguse. Kwenye D, uzi wa 6 ni E, na E haimo kati ya D, F#, A. Ukiupiga umekosea, kwa hiyo anza uzi wa 4. Kwenye C na A, E imo ndani ya kordi, hivyo uzi wa 6 ukiguswa kwa bahati mbaya besi itachafuka kidogo, lakini si noti ya kigeni.

Kubadilisha kordi na kucharaza

Usiondoe vidole vyote na kuanza upya. Kutoka C kwenda Am (A maina), vidole vya 1 na 2 vinabaki palepale. Cha 3 tu kinahama kutoka uzi wa 5 freti ya 3 kwenda uzi wa 3 freti ya 2. Kutoka E kwenda Am, umbo zima linahamia uzi mmoja kuelekea sakafuni. G ishike kwa kidole cha 3 uzi wa 6 freti ya 3, cha 2 uzi wa 5 freti ya 2, cha 4 uzi wa 1 freti ya 3: vidole vya 3 na 2 vikisogea uzi mmoja, viko tayari kwenye C. Weka saa dakika moja uhesabu mabadiliko yaliyotoka safi. Ukifikisha 30, jozi hiyo iko tayari kuingia kwenye wimbo.

Kucharaza, yaani kupitisha mkono juu ya nyuzi kwa mapigo, kunaanzia kwenye mkono usiosimama. Weka metronomu (kifaa au programu ya kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, hesabu "1 na 2 na 3 na 4 na". Mkono unashuka kwenye kila namba na kupanda kwenye kila "na", hata pale usipogusa nyuzi. Mtindo wa kuanzia: chini kwenye 1, chini kwenye 2 na juu kwenye "na" yake, kwenye 3 mkono unashuka hewani tu, juu kwenye "na" ya 3, chini kwenye 4, juu kwenye "na" ya mwisho. Anayesimamisha mkono kwenye ile 3 tupu hupoteza mapigo, kisha hudhani kosa ni la kordi. Kordi isipowahi, acha mkono uendelee kucharaza nyuzi wazi. Kidole kitaukuta mkono mbele.

Kapo nayo ni hesabu ileile. Ukiifunga freti ya 2 na kupiga umbo la G, sauti inayotoka ni A: G, G#, A. C inakuwa D, na D inakuwa E. Wimbo ukiwa chini mno kwa mwimbaji, panda freti moja moja mpaka sauti yake ikae, bila kubadili umbo hata moja. Kordi ya F nayo, ukifika wakati wake, usianze na ya kulaza kidole nyuzi zote sita. Anza na nyuzi nne: wa 4 freti ya 3, wa 3 freti ya 2, na kidole cha 1 kikilala kwenye nyuzi za 2 na 1 freti ya 1.