Andika masharti kabla ya programu: kengele ya joto la kamio

Mwenye kamio mbili za njia ya Kolwezi alikuja garajini kwangu hapa Lubumbashi akitaka kifaa cha kulinda motere. "Fundi, joto likizidi, kimwonye shofa haraka." Nikatunga programu kwa maneno hayo hayo. Kamio ya kwanza ikachemka karibu na Likasi, kengele kimya.

Waya wa kihisi, kile kinachopima joto, ulikuwa umekatika. Kihisi cha aina ile, joto likipanda ukinzani wake (nguvu yake ya kuzuia umeme) hushuka. Waya ukikatika, ukinzani unakuwa mkubwa kupita kiasi na programu inasoma baridi kali. Kifaa kilitii nilichokiandikia, kosa lilikuwa langu.

Siku hizi naanza na karatasi: naandika masharti, yaani yale ambayo kifaa lazima kifanye. Sharti moja, sentensi moja, yenye hali, namba na muda. Mwaka 2009 Alistair Mavin na wenzake wa Rolls-Royce walitoa mtindo wa sentensi za namna hii, na Kiswahili kinaubeba kwa "-ki-" tu: "Motere ikiwa inawaka, joto la maji likivuka nyuzi 105 kwa sekunde 3 mfululizo, kifaa kipige kengele ndani ya nusu sekunde." Maneno kama "haraka" na "likizidi" yafute yote.

Kisha kila sharti lipe mwenzake wa siku mbaya. "Kihisi kikisoma nyuzi 30 chini ya sifuri au chini zaidi, kifaa kiwashe taa ya hitilafu." Baridi hiyo Katanga haipo, basi ni waya. Kamio ni ya volti 24, lakini stata ikivuta kuwasha motere, volti huporomoka: taja volti ambazo kifaa lazima kizivumilie. Programu ikiganda, ijiwashe upya ndani ya sekunde 1.

Mzee yule alitaka pia kifaa kizime motere chenyewe. Nilikataa. Motere ikizimika kamio ikiwa mwendoni, usukani unakuwa mzito na kompresa ya hewa ya breki inasimama. Kwa hiyo andika pia kile ambacho kifaa hakiruhusiwi kufanya.

Sharti usiloweza kulipima, liandike upya. Mimi nilitumbukiza kihisi kwenye sufuria ya maji yanayochemka, nikangoja 105. Nikangoja sana. Lubumbashi iko mita kama 1,200 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Sasa napimia kwenye mafuta ya kupikia, na sufuria ile mke wangu hataki kuiona jikoni tena.