Mtoto mwenye mahitaji maalumu na nusu kaputi ya meno: mzazi ajiandae vipi

Mtoto mwenye usonji, mtindio wa ubongo au sindromu ya Down akishindwa kutulia kwenye kiti cha meno, hulazwa kwa dawa ya usingizi ili meno yote mabovu yazibwe au yang'olewe kwa mkupuo mmoja. Hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini ni KCMC, Moshi. Anayetoka Karatu au Same apange kulala mjini usiku wa kuamkia siku ya matibabu.

Siku ya kliniki ya kumpima kabla ya matibabu, beba dawa zote anazotumia, na chupa zake. Mweleze daktari wa usingizi, si wa meno peke yake: degedege la mwisho lilikuwa lini, anakoroma, ana seli mundu, kuna jino linalocheza? Mwenye sindromu ya Down aulizwe habari za moyo na shingo, maana mifupa ya shingo yake inaweza kuwa legevu. (Madoa ya kahawia yatokanayo na floridi ya maji yetu si lazima yawe meno yaliyooza, uliza kabla ya kukubali kung'oa.)

Kinachoharibu ratiba mara nyingi ni tumbo. Usingizi wa dawa hulegeza koo, chakula kikapanda na kuingia mapafuni. Kwa kawaida chakula, uji na maziwa ya ng'ombe hukoma muda wa saa 6 kabla ya usingizi, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Akipangiwa saa 2 asubuhi, chakula cha jioni ndicho cha mwisho, na maji mwisho saa 12 alfajiri. Hospitali ikikupa saa tofauti, fuata zake. Mtoto asiyeelewa kwa nini ananyimwa atatafuta mwenyewe: ficha mandazi, waonye bibi na ndugu zake, kagua mifuko yake. Omba awe wa kwanza kwenye orodha. Akila kwa bahati mbaya, sema. Kuahirishwa ni nafuu kuliko nimonia. Dawa ya kifafa haikatizwi, apewe kwa funda la maji, isipokuwa daktari aseme vingine.

Akiwa na homa au kikohozi chenye makohozi, piga simu mapema. Baridi ya Juni na Julai huahirisha wengi, kwa kawaida wiki 2 hadi 4.

Asubuhi ya siku ya matibabu, futa rangi ya kucha, maana huvuruga kipimo cha oksijeni kidoleni. Beba kitenge au mwanasesere aliyemzoea. Kama anaogopa kushikwa usoni, uliza kuhusu dawa ya kutuliza ya kunywa.

Akizinduka anaweza kulia na kupigana bila kukutambua; mara nyingi hupita ndani ya nusu saa. Mzuie asitafune mdomo uliokufa ganzi. Akiweza kung'ata bila kumeza, ang'ate shashi dakika 20 hadi 30, na asisukutue kwa saa 24. Mtori uliopoa, usio na vipande, humfaa. Parasetamo ni miligramu 15 kwa kilo kila saa 6: wa kilo 16 hupata mililita 10 za sirapu yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Usimpe aspirini.

Rudi hospitali mara moja damu isipokata baada ya kubana dakika 30, akitapika mfululizo, akihema kwa shida au asipoamka vizuri.