Somo: Kuingiza grafu ya Lotus na michoro kwenye waraka wa WordPerfect 5.1

Juzi kijana mmoja wa hapa Mtwara mjini kaniletea disketi nne za marehemu baba yake, aliyekuwa karani wa chama cha msingi cha korosho. Ndani mna taarifa za misimu, zote zimeandikwa kwa WordPerfect 5.1, na faili za hesabu za Lotus 1-2-3. Anataka kuzichapa upya, na taarifa moja haina grafu, anataka iwe nayo. Nilimfundisha hatua kwa hatua, yeye akiandika kwenye daftari. Wengine mmeomba, basi nanyi pokeeni.

Kwanza lielewe jambo moja, maana bila hilo utahangaika. Hizi ni programu mbili zisizojuana. Lotus (ilitoka 1983) inajua hesabu, WordPerfect 5.1 (ya 1989) inajua maandishi. Grafu inatoka Lotus ikiwa picha, inaingia WordPerfect ikiwa nakala ya picha hiyo. Ikishaingia, kamba imekatika. Ukibadilisha hesabu huku, kule haijui.

Menyu zote ni za Kiingereza. Usijali, fuata herufi na namba ninazokupa.

Hatua ya 1: Hesabu. Safu A andika miezi: Okt, Nov, Des, Jan. Safu B andika kilo zilizopokelewa ghalani. Andika 12500 tu, bila mkato katikati. Ukiandika 12,500 Lotus italia "piip" na kukugomea.

Hatua ya 2: Grafu. Bonyeza / kisha G. Bonyeza T halafu B, upate grafu ya nguzo. Bonyeza X, chagua miezi, Enta. Bonyeza A, chagua kilo, Enta. V inakuonyesha grafu; kitufe chochote kinakurudisha. Sasa O: humo T kisha F ni kichwa cha juu. Ukiwa bado ndani ya O, bonyeza B, nguzo zijazwe mistari badala ya rangi. Msiiruke hii. Kwenye skrini rangi zinapendeza, lakini printa yetu ina utepe mweusi mmoja, na rangi nyekundu na ya kijani zikifika karatasini ni ndugu pacha.

Hatua ya 3: Kuhifadhi mara mbili. Toka kwenye O kwa Q, kisha S, andika jina lisilozidi herufi nane: KOROSHO. Lotus inaweka faili KOROSHO.PIC. Hiyo ni picha peke yake! Hesabu zenyewe bado hazijahifadhiwa. Bonyeza Q, kisha / F S uhifadhi na jedwali. Enzi zile mji ukitegemea mashine za dizeli, umeme ulikuwa ukikatika bila hodi, na nimeshabaki na picha nzuri ya hesabu nisizokuwa nazo tena.

Hatua ya 4: Kuandaa jina la mchoro. Wengi hawaijui hii. Usipogusa kitu, WordPerfect itaandika neno la Kiingereza chini ya kila grafu unayoiwekea maelezo, na taarifa ya Kiswahili inaonekana imevaa kiatu cha mtu mwingine. Toka Lotus, fungua waraka kwenye WordPerfect. Ukiwa mwanzoni mwa waraka, bonyeza Alt-F9, kisha 1, kisha 4, kisha 6. Futa kilichopo, andika Mchoro 1, Enta, toka kwa F7. Hiyo 1 ni nafasi ya namba. Grafu ya pili itajiita Mchoro 2 yenyewe. Lazima agizo hili litangulie grafu zako, kwani WordPerfect inasoma kutoka juu kwenda chini na hairudi nyuma.

Hatua ya 5: Kuingiza. Weka kishale unapotaka grafu. Alt-F9, 1, 1. Inakuja orodha ya mambo tisa. Yanayotuhusu ni machache. Namba 1, andika njia nzima ya kuifikia faili, mfano C:\123\KOROSHO.PIC, Enta. Namba 3 ni maelezo ya chini: utakuta "Mchoro 1" imeshakaa, ongeza maneno yako, F7. Namba 7 ni ukubwa: chagua 1, weka upana, urefu itajipangia ili nguzo zisivutike kama mpira. Karatasi ya A4 ina upana wa inchi 8.27, ukiacha pambizo ya inchi moja kila upande, usizidishe inchi 6. Maliza kwa F7.

Hatua ya 6: Usiogope. Kwenye skrini utaona kisanduku kitupu. Kijana wangu alidhani kakosea, akaingiza tena, na tena. Tulipochapa zikatoka grafu tatu zinafuatana. Skrini ya kuandikia haionyeshi picha. Bonyeza Shift-F7 kisha 6, hapo utauona ukurasa kamili.

Hatua ya 7: Kuchapa. Shift-F7. Herufi G ni ubora wa grafu, T ni ubora wa maandishi. Jaribu kwanza kwa ubora wa chini, kwa sababu printa ya sindano inapita mstari kwa mstari na utepe unaisha. Na kwa sisi wa Shangani karibu na bahari: karatasi iliyolala nje ya pakiti inanyonya unyevu, inajikunja na kukwama.

Michoro ya mkono. Kwa ramani ya ghala au njia ya mzigo toka kwa mkulima hadi mnadani huhitaji Lotus. Ctrl-F3, kisha 2, halafu chora kwa vitufe vya mishale: 1 ni mstari mmoja, 2 ni mistari miwili, 5 inafuta, 6 inasogea bila kuchora. Tumia aina ya herufi zenye upana sawa, kama Courier. Zisipolingana, ukuta wa ghala unatoka umepinda.

MASWALI

*Wa Masasi:* Mwalimu, nimesahihisha kilo za Novemba kwenye Lotus, nikafungua waraka, nguzo ni ileile. Nimeharibu wapi?

*Jibu:* Hujaharibu, ndiyo ile kamba iliyokatika. Hifadhi grafu upya Lotus (/ G S, kubali kufuta ya zamani). Kisha WordPerfect: Alt-F9, 1, 2, namba ya mchoro, Enta, bonyeza 1, andika jina la faili tena, kubali ibadilishwe. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka taarifa mkutanoni, jedwali likiwa na hesabu mpya na grafu ya zamani. Mzee mmoja mkulima akapima nguzo kwa kidole, akauliza: "Hizi kilo za ziada zimelala ghala gani?" Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Tangu siku hiyo naingiza grafu mwisho kabisa, hesabu zikishasainiwa.

*Wa Lindi:* Shikamoo mwalimu. Nina printa ya leza ya zamani. Maandishi yanatoka vizuri, grafu inakatika nusu, nusu ya pili inatoka karatasi nyingine.

*Jibu:* Marahaba. Kumbukumbu ya printa haitoshi. Ukurasa mzima wa picha kwa nukta 300 kwa inchi unataka karibu megabaiti moja, na leza nyingi za wakati ule zilikuja na kilobaiti 512. Shusha ubora wa G kwanza. Ikishindikana, chapa mara mbili: kwanza weka G isichapwe kabisa, maandishi yatoke peke yake, rudisha karatasi ileile, sasa T isichapwe na G ichapwe. Jaribu kwa karatasi chakavu ujue inaingia kwa uso gani.

*Wa Newala:* Kaka, mimi natumia DOSBox (programu inayoigiza kompyuta ya zamani) kwenye laptopu. Printa ya kisasa haionekani kabisa.

*Jibu:* Haitaonekana, usipoteze muda. Ndani ya WordPerfect chagua printa ya PostScript (lugha ya kuieleza printa ukurasa), kisha kwenye mpangilio wake wa bandari (printa nayo ina bandari, si sisi tu) usichague LPT1, ile ya waya wa printa za zamani. Chagua ile ya mwisho, andika jina la faili, mfano C:\KOROSHO.PS. Ukichapa, kila kitu kinaingia humo. Toka nje, geuza faili kuwa PDF kwa programu ya Ghostscript. Grafu za Lotus ni mistari, si nukta, kwa hiyo zinatoka kali kuliko tulivyowahi kuziona kwenye utepe.

*Wa Tandahimba:* Na picha ya mnembo (chale za Kimakonde) niliyoiskani?

*Jibu:* Ihifadhi kama PCX au TIFF, nyeusi na nyeupe, uingize kwa hatua ya 5. Ila iwe ndogo dada yangu, ama sivyo uiwashe printa na uende Mikindani ukarudi.