Kabla Sampuli ya Damu Haijapanda Boti

Anayetoa damu Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, ili ipimwe katika maabara ya Amu (mji wa Lamu) aanze kwa kuuliza maji yatajaa saa ngapi. Mlango wa Mkanda, njia ya boti ya kwenda Amu, ukipungukiwa maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, na boti ikikosa wakati wake, sampuli iliyotolewa alfajiri yaweza kukaa gatini saa nne huku chembe zake zikiwa hai na zinakula. Chakula chao ni sukari iliyomo humo humo: katika joto la kawaida la chumba hupungua kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Mgonjwa wa kisukari aliyekuwa na milimoli 8 kwa lita alipodungwa huenda akasomewa 6 na kitu, na tabibu akaridhika bila sababu. Chupa ya kijivu (rangi ni ya kifuniko) yenye floraidi, dawa ya kuzuia chembe zisile sukari, husaidia, ingawa sukari huendelea kushuka kidogo katika saa moja au mbili za mwanzo.

Kwa kuwa samaki wetu husalimika kwa barafu, wengi hudhani damu nayo ni hivyo hivyo. Sivyo. Damu nzima, ambayo haijatenganishwa, ikipozwa, chembe hushindwa kuizuia potasiamu iliyo ndani yake, nayo huvuja taratibu bila kubadili rangi ya maji ya damu, kwa hivyo hakuna wa kushuku kuwa kipimo kimepanda kwa uongo. Mtikisiko wa boti na sindano nyembamba iliyovutwa kwa nguvu hupasua chembe zenyewe. Hapo angalau maji ya damu hugeuka mekundu kama sharubati ya tikiti, na sisi maabara huikataa sampuli. Kwa vipimo vya potasiamu, basi, chupa nyekundu isimame wima kiasi cha nusu saa hadi damu igande, izungushwe kwenye mashine ya kutenganisha chembe na maji ya damu, na maji yake yahamishiwe chupa safi kabla ya safari. Hayo ndiyo ya kutiwa katika kasha la baridi, pakiti za barafu zikiwa zimefungwa kitambaa. Kituo kisicho na mashine ya kuzungushia ni afadhali kimsafirishe mgonjwa mwenyewe.

Mpangilio wa kujaza chupa nao utayarishwe mapema: buluu, nyekundu, kijani, zambarau, kisha kijivu. Ya buluu ijazwe hadi alama yake, kwani dawa ya kuzuia kuganda iliyomo imepimiwa sehemu tisa za damu kwa moja. Damu ya chupa ya zambarau isimiminwe kamwe katika nyekundu iliyopungukiwa. Niliwahi kupokea sampuli iliyosoma potasiamu 14 na kalsiamu karibu na sifuri, majibu ya mtu ambaye moyo wake ungekuwa umekwisha kusimama, ilhali mwenyewe alikuwa barazani anakunywa kahawa. Dawa ya kuzuia damu isigande katika chupa ya zambarau ina potasiamu, na kalsiamu huinasa yote.

Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja, mgonjwa asikunje na kukunjua ngumi, na mkono wenye dripu uachwe. Aliyeagizwa kufunga kwa ajili ya kipimo aelezwe waziwazi kuwa maji matupu yanaruhusiwa, lakini chai ya maziwa na hamri moja tu ya kutulizia njaa haviruhusiwi.

Jina liandikwe kwenye chupa mgonjwa akiwa bado mbele yako, pamoja na umri na nambari ya faili, kwa maana huku mjukuu hupewa jina la babu yake na huenda wote wawili wamefika kliniki siku hiyo. Iandikwe pia saa ya kutoa damu na saa ya kuitenganisha, zote kwa mtindo wa 08:00. Ukiandika "saa 2" ukikusudia asubuhi, aliye maabara aweza kuisoma kuwa 14:00, na sampuli iliyokaa saa saba akaipokea kama iliyokaa saa moja.